Kupanda Uluguru na Kurudi Dar Siku Hiyohiyo: Mwongozo Kamili wa Njia ya Morning Side

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, mtu wa Dar anaweza kunywa chai alfajiri kwake Tabata, mchana akawa amekaa Morning Side, nyumba ya kale kwenye bega la mlima wa Uluguru, anautazama mji wa Morogoro chini yake, na usiku akalala kitandani kwake. Kwa barabara ilikuwa shida. Ni kilomita zinazokaribia 200, na mpaka basi liimalize Kimara, Mbezi, Kibaha na Mlandizi, likapita Chalinze, saa nne au zaidi zimeshakwenda. Ukirudi hivyohivyo jioni, siku yote umeimalizia barabarani. Treni inachukua kama saa mbili, na haijui foleni.

Wengi wanaoharibikiwa na safari hii hawashindwi na mlima. Wanashindwa na saa. Wanapanga kwenda, kurudi wanakuacha kujipange kwenyewe, matokeo yake wanashuka mteremko mbio na giza linaingia, magoti yanatetemeka, na treni haimsubiri mtu. Kwa hiyo jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: panga siku kuanzia mwisho wake. Shika kwanza treni ya kurudi, kisha hesabu kinyumenyume mpaka saa ya kuamka.

Mlima unaoupanda

Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, msururu wa milima ya kale unaoanzia Taita kule Kenya na kushuka hadi kusini mwa Tanzania. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zinakuja tambarare mpaka zinapokutana na milima hii, zinalazimika kupanda, zinapoa, na mvua inashuka. Ndiyo maana kule juu kuna msitu wakati bonde la chini limekauka. Msitu huo umekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008, una zaidi ya hekta 24,000, na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kuna ndege, vinyonga na mimea inayopatikana Uluguru tu, duniani kote hakuna kwingine. Hata lile ua la Saintpaulia ambalo watu wa Ulaya wanalipanda kwenye vyungu dirishani, asili yake ni miamba yenye kivuli ya Usambara na Uluguru.

Kuna sababu nyingine ya mtu wa Dar kuupenda mlima huu. Vijito unavyoviruka njiani vinaingia Mto Morogoro, Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayolisha mitambo ya maji ya Dar es Salaam. Chupa ya plastiki unayoitupa Morning Side inaanza safari kuelekea bombani kwako. Ukilijua hilo, hutahitaji bango la kukukataza kutupa taka.

Sasa, njia za kupanda ni nyingi. Kilele cha Lupanga kinapita mita 2,100, na mji uko kwenye mita 500 hivi. Hiyo ni zaidi ya mita 1,600 za kupanda na kushuka, njia ina mizizi na utelezi, na hali ya hewa juu inageuka ghafla. Lupanga kunataka ulale Morogoro siku moja kabla. Bondwa, penye minara ya mawasiliano, vilevile. Kwa anayetoka Dar na kurudi, Morning Side ndiyo saizi yake: kupanda saa mbili na nusu hadi tatu kwa mwendo wa mtu wa kawaida, kushuka saa mbili hivi, na unaufikia ukingo wa msitu bila kujiua.

Chagua siku

Juni hadi Septemba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Njia imekauka, anga liko wazi asubuhi, na jua halichomi sana. Januari na Februari kunapandika, ila joto la bondeni ni kali, kwa hiyo uwe umeshaondoka mjini mapema. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, acha. Udongo wa njia hii ni mfinyanzi mwekundu. Ukilowa unateleza kama sabuni, na bodaboda nao wanakataa kupanda. Vuli, Oktoba hadi Desemba, inategemea wiki. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, siku mbili kabla, na ukiona mvua kubwa imetajwa kwa Morogoro, ahirisha.

Siku za katikati ya wiki treni haijai na njia ina utulivu. Jumamosi tiketi zinawahi kuisha. Wiki ya Nanenane, mwanzoni mwa Agosti, Morogoro inapokea maonyesho ya wakulima ya Kanda ya Mashariki: mji unafurika na usafiri unakuwa wa kugombania. Kama huna sababu ya kwenda kwenye maonyesho, sogeza safari.

Hesabu ya saa

Ratiba ya SGR hubadilika, kwa hiyo sitakuandikia saa za treni kana kwamba zimechongwa kwenye jiwe. Ingia kwenye mfumo wa tiketi wa Shirika la Reli, TRC, tazama treni za siku yako, halafu fanya hesabu hii.

Tuseme treni ya kurudi inaondoka Morogoro saa moja usiku. Uwe stesheni saa kumi na mbili jioni. Kutoka mjini hadi stesheni weka dakika 45, maana iko nje ya mji, upande wa Kihonda, na jioni daladala zinajaa. Kwa hiyo unaondoka mjini saa kumi na moja na robo. Kabla ya hapo unataka kunawa, kubadili nguo na kula: saa nzima na ziada. Basi uwe umefika chini ya mlima saa kumi jioni. Kushuka ni saa mbili. Unaanza kushuka saa nane kamili mchana.

Saa nane hiyo iandike kwenye karatasi, mwambie kila mliye naye, iweke kengele kwenye simu. Ndiyo saa ya kugeuka. Inapofika unageuka popote ulipo, hata kama umebakiza kona mbili tu kufika. Mtu anayesema "tumalizie tu hapo" saa nane na nusu ndiye atakayelala Morogoro bila mpango.

Endelea kurudi nyuma. Unataka angalau saa moja ya kupumzika juu, kwa hiyo ufike saa saba. Kupanda saa tatu, kwa hiyo uanze saa nne asubuhi. Kutoka stesheni mpaka mwanzo wa njia, pamoja na kukutana na mwenyeji atakayekuongoza na kununua maji, weka saa moja. Treni yako ya asubuhi basi iwe imefika Morogoro saa tatu. Kama treni ya kwanza utakayoipata inafika baadaye kuliko hapo, una njia mbili: upande na bodaboda sehemu ya mwanzo ya mlima, au uridhike na nusu ya njia. Usile ile saa ya kushuka.

Tiketi

Kata tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, siku kadhaa kabla. Unakata mtandaoni au dirishani, na malipo yanapita kwenye simu au benki kwa namba ya malipo unayopewa. Ukichelewa kulipa, nafasi inaachiwa wengine. Nauli ya daraja la kawaida Dar hadi Morogoro ilipotangazwa 2024 ilikuwa Sh13,000 kwa mtu mzima. Treni ya haraka ina bei yake. Thibitisha bei ya siku unayokata.

Jina kwenye tiketi lilingane na kitambulisho chako, na kitambulisho uende nacho. Mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi na milango inafungwa kabla treni haijaondoka, kwa hiyo fika mapema kuliko unavyofika kituo cha basi. Kisu cha kumenyea matunda kiache nyumbani, menya kabisa kabla hujaondoka.

Anayekaa Gongo la Mboto, Chanika au Kisarawe asihangaike kwenda katikati ya mji. Stesheni ya Pugu iko karibu naye. Ahakikishe tu kwamba treni aliyochagua inasimama hapo, maana treni za haraka hazisimami vituo vyote.

Ukipata nafasi ya kuchagua kiti, chukua upande wa kushoto unapoelekea Morogoro. Baada ya Ngerengere milima inaanza kuonekana upande huo. Itazame kwa makini kutoka dirishani: kama mawingu yameifunika mpaka chini kabisa saa mbili asubuhi, jiandae kwa utelezi na kwa kutokuona mji ukiwa juu. Kama mawingu yamekaa vileleni tu, siku ni yako.

Mwenyeji na kibali

Nenda na mwenyeji. Ninajua wapo wanaopanda peke yao wakiongozwa na simu, na njia kuu ya Morning Side haijajificha. Lakini sehemu kubwa ya mlima huu ni mashamba na nyumba za watu, vinjia vya kuelekea mashambani vinakatiza kila mahali, na ramani ya simu haijui kipi kinaishia kwenye kisima cha nani. Mwenyeji anajua mvua ya jana imeharibu wapi. Anasalimia watu kwa majina. Na fedha unayompa inabaki kwa watu wanaoishi na msitu huo, jambo lenye maana kubwa kwa uhai wake.

Morogoro kuna kikundi cha utalii wa kitamaduni kinachoitwa Chilunga, na ofisi ya hifadhi ya TFS mjini nayo inaweza kukuunganisha na waongozaji. Piga simu au fika kwao mapema, si asubuhi ya safari. Mkubaliane mambo manne kabla: bei ya siku nzima kwa kikundi chenu, mnakutana wapi, saa ya kugeuka, na kama mtaingia msituni au mtaishia Morning Side.

Hilo la mwisho linagusa kibali. Ukitaka kuingia kwenye msitu wa hifadhi wenyewe, unalipia kiingilio TFS, na Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Malipo ya serikali yanapitia namba ya malipo na unapewa stakabadhi. Mtu yeyote anayekudai fedha taslimu njiani bila stakabadhi kwa jina la hifadhi, mwachie mwenyeji wako azungumze naye.

Unachobeba

Viatu ndivyo vya kwanza. Buti za kupandia si lazima. Raba yenye meno chini inatosha kiangazi. Raba ya soli laini, ile ya kuvaa mjini, itakuangusha wakati wa kushuka. Kiatu kiwe umeshakivaa wiki kadhaa. Kata kucha za miguu siku moja kabla, zikate fupi, kwa sababu kwenye mteremko vidole vinagonga mbele ya kiatu kwa saa mbili mfululizo na kucha ndefu inavilia damu.

Suruali ndefu nyepesi, si kaptula. Kuna upupu kando ya njia, hasa kiangazi ganda lake linapokauka, na vinywele vyake vikikuingia kwenye ngozi utajikuna mpaka Dar. Vikikupata, usisugue na usimwagie maji. Chukua mkanda wa gundi au kipande cha ugali mkavu, bandika na kubandua, vinywele vitoke navyo. Kuna siafu pia. Ukiona mstari mweusi unakatiza njia, ruka na uendelee, usisimame kupiga picha. Soksi ndefu uchomeke suruali ndani yake, haipendezi lakini inafanya kazi.

Maji lita mbili kwa mtu, tatu ikiwa ni Januari. Pakiti mbili za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini: mtu akianza kuumwa kichwa na misuli kukaza, maji matupu hayamtoshi. Chakula cha kubeba kiwe kile kisichochacha: mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, chapati. Ndizi mbivu utazikuta njiani. Koti jepesi la mvua hata kama ni Agosti. Sweta: kila mita 1,000 unazopanda zinapunguza takriban nyuzi sita za joto, na ukiwa umelowa jasho kisha upepo ukakukuta umekaa, utatetemeka huku watu wa mjini wanajipepea.

Kisha vitu vidogo: noti ndogondogo, simu iliyojaa chaji na pawabenki, tochi, filimbi, plasta, mfuko wa taka zako, kanga au kikoi. Kanga ni ya kukalia, kujifunika, kujifuta na kumfunga aliyeteguka mkono. Begi liwe la mgongoni, mikono ibaki huru.

Kutoka stesheni hadi mguu wa mlima

Ukishuka Kihonda utakuta bodaboda, bajaji, teksi na daladala. Kikundi cha watu watatu kinalipiana bajaji vizuri. Patana bei kabla ya kupanda, sema unakwenda mjini, upande wa Barabara ya Boma. Huko ndiko njia inakoanzia kupandisha, na ndiko waongozaji wengi wanakopanga kukutana na wageni.

Nenda chooni mjini. Ni jambo dogo, lakini mlimani hakuna choo cha umma, na kujisaidia karibu na kijito ambacho watu wanachota maji ni kosa kubwa.

Kupanda

Nusu saa ya kwanza ndiyo inayowatoa watu pumzi, na si kwa sababu ni kali kuliko zote. Ni kwa sababu wanatoka kwenye treni yenye kiyoyozi, wana furaha, wanapanda kama wanakimbizwa. Tembea kwa mwendo unaoweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata. Ukishindwa kuimalizia sentensi, punguza. Fupisha hatua badala ya kusimama kila mara. Mtu wa hatua fupi zisizosimama anawapita wote mwishoni. Anayechoka kuliko wengine atangulie mbele, ndiye apange mwendo. Ukimweka nyuma, kila anapowafikia mnanyanyuka, yeye hapumziki kamwe.

Kwa muda mrefu hutaona msitu. Utapita kwenye migomba, mifenesi, miembe, mashamba ya mahindi na maharage, na kadiri unavyopanda, matuta ya mboga: kabichi, karoti, na stroberi ambazo Morogoro inajulikana nazo. Yatazame mashamba haya vizuri. Mengine yako kwenye mwinuko ambao wewe unauparamia kwa mikono. Kilimo cha mteremkoni hapa kina historia nzito: mwaka 1955 Waluguru waligoma na kuandamana kupinga amri ya serikali ya kikoloni ya kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, na mpango ule ukafa. Ardhi yenyewe kwa desturi ya Waluguru inafuata ukoo wa mama. Kwa hiyo yule bibi unayemkuta akipalilia anaweza kuwa ndiye mwenye mlima mzima unaouona.

Msalimie. Njia hii ni barabara ya watu kwenda sokoni, na utapishana na akina mama wamejitwika vikapu vya mboga wanashuka kwa kasi bila kushika popote. Wewe ndiye unayempisha, tena upande wa mlimani ili yeye abaki na nafasi. "Shikamoo mama" kwa aliyekuzidi umri, "habari za kazi" kwa rika lako, na usipige picha ya mtu wala ya nyumba yake kabla ya kuomba. Watoto wakikuomba peni au hela, wape salamu na mazungumzo. Fedha ziende kwa mwenye kuuza kitu: nunua ndizi zake, nunua stroberi zake, lipa bila kuvutana kwa shilingi mia mbili.

Pumzika dakika tano kila baada ya dakika 40, kwenye kivuli, umeketi. Kunywa kidogokidogo, usisubiri kiu. Maji ya vijito yanang'aa na kukushawishi, lakini juu yako kuna nyumba na mashamba, kwa hiyo yanawie uso tu.

Mwenyeji akikupendekezea kupitia maporomoko ya Choma, muulize yanaongeza muda gani kwa mwendo wenu wa siku hiyo, kisha upime na saa ya kugeuka. Kiangazi panapendeza mno na maji yake ni baridi ya kukata pumzi. Usiogelee kama kuna wingu zito juu ya mlima, hata kama hapo ulipo jua linawaka. Mvua inanyesha juu, maji yanakuja chini bila wewe kupata tone. Dalili ni hizi: maji yaliyokuwa maangavu yanaanza kuwa na rangi ya chai, majani na vijiti vinaelea kwa wingi, na sauti ya kijito inakuwa nzito. Ukiona moja kati ya hizo, toka kwenye maji na panda kingo papo hapo, viatu utavifuata baadaye.

Kuna barabara mbovu ya vumbi inayopanda mpaka juu, na bodaboda wa Morogoro wanaijua kama kiganja cha mkono. Kama mna mtu mwenye goti bovu au mmechelewa, mpandisheni kwa pikipiki, akawasubiri juu. Kushuka kwa bodaboda mimi siungi mkono kabisa. Mteremko ni mkali, kokoto zinateleza, na breki za pikipiki za kukodi huzijui.

Morning Side

Morning Side ni nyumba ya kale ya enzi za Wajerumani, imekaa kwenye bega la mlima penye nyasi. Mbele yake mji wa Morogoro umelala wote, na siku ya anga safi unaliona bwawa la Mindu linang'aa magharibi. Nyuma yake ndipo ukuta wa msitu unapoanza, na mpaka wake unauona kwa macho: hapa shamba, pale giza la miti.

Badili fulana iliyolowa kabla ya kukaa. Vaa sweta. Kula. Halafu, kama umelipia kuingia msituni, ingia kwa muda mfupi tu, nusu saa, na utembee polepole. Usitegemee kuona wanyama kama Mikumi. Hapa unatazama vitu vidogo: kangaga zilizoota juu ya magogo, kuvu, kinyonga ambaye mwenyeji atakuonyesha na bado utachukua dakika nzima kumwona. Simama kimya na utazame juu, kwenye matawi. Mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani, na kima, wanapita huko. Usichume, usiondoke na mche wala konokono, usimshike kinyonga.

Mawingu huanza kujikusanya kadiri mchana unavyosogea. Yakishuka, mji unapotea machoni kwa dakika chache. Msiachane hapo. Kila mtu amwone wa mbele yake, na anayebaki nyuma apige filimbi. Mtandao wa simu kwa kawaida upo, kwa kuwa mnautazama mji; namba ya dharura ni 112.

Kushuka

Kabla ya kushuka, fungua kamba za viatu na uzifunge upya: legeza kidogo juu ya vidole, kaza sana kwenye kifundo, ili mguu usiteleze kwenda mbele. Shika fimbo, mwenyeji atakukatia tawi lililokauka. Kunja magoti kidogo, tua na mguu mzima badala ya kisigino, na sehemu zenye kokoto pita kwa mshazari. Ajali za njia hii huwa hapa, miguu imechoka na watu wanapiga soga kuhusu chakula cha jioni. Mtu akiteguka, msimvue kiatu: kiatu ndicho bandeji yake. Kazeni kamba, mfungeni kanga juu yake, na mwenyeji aite bodaboda apande pale barabara inapofika. Hiyo ndiyo hali pekee ninayokubali pikipiki kwenye kushuka, tena polepole.

Kama kuna wazee au watoto wadogo

Msiwaburute Morning Side. Gawaneni: wengine wapande, wengine wakae Rock Garden, chini ya mlima, ambako maji ya mlimani yanapita kati ya mawe makubwa, kuna kivuli na kuna chakula. Mtoto wa miaka minane aliyezoea kutembea anaweza kupanda nusu ya njia na akafurahi. Kwake lengo liwe kijito fulani au shamba la stroberi. Kileleni hana haja napo.

Mjini, kisha Dar

Ukishafika chini, lipa mwenyeji mbele ya wote ili hesabu iwe wazi, na umwongeze kitu kama amekaa na yule mchovu wenu siku nzima. Nawa, badili soksi, kagua miguu na nyuma ya magoti kama kuna kupe. Soko Kuu la Chifu Kingalu liko katikati ya mji: hapo ndipo mboga ulizopishana nazo asubuhi zinapouzwa, na ni mahali pazuri pa kununua ndizi na matunda ya nyumbani. Chakula cha moto kula mjini, usitegemee stesheni.

Ukiona saa kumi na mbili imepita nawe bado uko sokoni, treni ya saa moja iache. Usimwambie bodaboda akimbize. Nenda stendi ya Msamvu: mabasi yanayotoka mikoani kwenda Dar yanapita hapo mpaka usiku, na mabasi ya usiku yanaruhusiwa tena tangu 2023. Utafika Dar usiku wa manane, kwa hiyo panga mapema nani atakupokea stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Kama kikundi kimechoka sana au kuna mwenye mguu mbovu, nyumba za wageni za kawaida ziko nyingi karibu na Msamvu na mjini. Lala, na asubuhi ukate tiketi ya treni ya kwanza yenye nafasi.